Sitiari Yenye Kazi: Bustani ya Gurnah na Migodi ya Salamabila

Mwandishi chipukizi anayetaka kusimulia maisha ya machimbo ya dhahabu ya Salamabila, mkoani Maniema, hujaribiwa kuanza na kauli kwamba dhahabu ni damu. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini imetumika hadi imechakaa, na msomaji huipita bila kuhisi chochote. Kosa haliko kwenye dhahabu. Kosa ni kumkabidhi msomaji maana kabla hajakiona kitu chenyewe. Katika riwaya, sitiari hujengwa hatua kwa hatua, na kuna kitabu kinachofundisha ujenzi huo vizuri.

Kitabu hicho ni Paradise cha Abdulrazak Gurnah, kilichochapishwa mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kinatuhusu watu wa Maniema kwa sababu msafara wake unatoka pwani, unavuka Ziwa Tanganyika na kuingia bara upande wa magharibi. Ndiko ilikopita misafara ya wafanyabiashara kama Tippu Tip kufika Kasongo, na ndiko kilikopita Kiswahili kikatufikia.

Hatua ya kwanza ya Gurnah ni kuweka kitu mbele ya maana. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake. Kando ya duka anakofanya kazi kuna bustani iliyozungushiwa ukuta. Tunaonyeshwa bwawa katikati, mifereji inayotoka hapo kuelekea pande nne, miti ya matunda, na Mzee Hamdani akiitunza kimya kimya. Gurnah hasimami kutueleza bustani hiyo ni mfano wa nini. Msomaji aliyesoma chuoni Kasongo atakumbuka mwenyewe bustani zipitazo mito chini yake, na jina la kitabu litamthibitishia. Maana anayoigundua msomaji kwa akili yake haimtoki upesi.

Hatua ya pili ni kukipa kitu kazi ndani ya kisa. Bustani inamvuta Yusuf, naye anaanza kumsaidia mzee. Akiwa humo anaonekana na mke wa Aziz, Bibi Zulekha, anayetazama kwa vioo vilivyotundikwa kwenye miti. Kutokana na kuonekana huko anaitwa ndani ya nyumba, anakutana na msichana Amina, na msiba unaanza. Ukiiondoa bustani, hakuna kisa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: sitiari inayoweza kufutwa bila kisa kuyumba ni pambo tu.

Hatua ya tatu, iliyo ngumu zaidi, ni kuigeuza maana bila kukibadilisha kitu. Mwanzoni Yusuf anaona uzuri na utulivu. Baadaye anajua kwamba Amina amefungwa katika ndoa iliyotokana na deni, na kwamba Mzee Hamdani ni mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa, kwa kuwa hakukubali kwamba uhuru ulikuwa mali ya bibi aliyemmiliki hata amtunuku. Ukuta ni uleule na maji ni yaleyale. Kilichokua ni ujuzi wa Yusuf, na ukuta uliokuwa ukizuia watu wasiingie sasa unazuia watu wasitoke.

Mbwa nao wamejengwa hivyohivyo. Mapema katika riwaya wanazurura usiku karibu na baraza anapolala Yusuf, na kumtia hofu hata ndotoni. Mwishoni, jeshi la Wajerumani linapoondoka mahali lilipopiga kambi, anawakuta mbwa wakila kinyesi kilichoachwa, na anajitambua ndani yao. Kisha anaukimbilia msafara wa askari. Hapo sitiari haipambi uamuzi wake. Ndiyo inayomfanya aamue.

Salamabila haikosi vitu vya kujengea. Karibu yake uko mgodi wa Namoya, katika eneo la Kabambare, ulioendeshwa na kampuni ya Banro ya Kanada, ukaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimama mwaka 2019 kwa kukosa usalama. Mwandishi asianze na kampuni wala bunduki. Aanze na zebaki, inayonasa chembe za dhahabu kwenye mchanga uliooshwa, kisha inachomwa na kupotea kwa mvuke wenye sumu huku dhahabu ikibaki. Au aanze na mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu mashariki mwa Kongo, ambako njiti ya kiberiti hutumiwa kama jiwe la kupimia.

Tuchukue njiti hiyo. Katika sura ya kwanza binti anaiona kwenye mizani, dhahabu ya baba yake ikiwa upande wa pili. Hakuna maelezo zaidi. Katikati ya kisa, anagundua kwamba mnunuzi ana njiti za uzito tofauti, moja ya kununulia na nyingine ya kuuzia, na chanzo cha deni la nyumbani kwao kinaeleweka. Mwishoni binti huyo anasimama nyuma ya mizani yake mwenyewe, baba wa mtoto mwingine yuko mbele yake, na lazima achague njiti. Msomaji atajua uzito wa mkono ule bila kuambiwa.

Ndugu mwandishi wa Salamabila, Kasongo na Kabambare, chukua rasimu yako leo na upige mstari chini ya kila sitiari. Ambayo kisa kinaweza kuishi bila yake, ifute. Itakayobaki, irudishe sura ya kwanza ikiwa kitu cha kawaida, ipe kazi, na uiache igeuke pamoja na mhusika wako. Maniema ina visa vya kutosha; inahitaji waandishi wenye subira ya kuvijenga.