Jengo na Jua Lake

Jua la saa sita mchana limesingiziwa mengi. Vitabu vya kufundisha upigaji picha, ambavyo vingi vimeandikwa katika nchi za baridi, humwambia mwanafunzi afungashe kamera kuanzia saa tatu asubuhi na aitoe tena saa kumi alasiri, mwanga unapoanza kulainika. Ushauri huo ulitufikia na sisi watu wa pwani, tukaumeza bila kutafuna. Siukubali, na ushahidi wangu ni majengo yenyewe.

Nenda katikati ya Dar es Salaam, utembee Barabara ya Samora na mitaa inayoikata, uangalie maofisi na nyumba za ghorofa zilizojengwa miaka ya 1950 na 1960. Mbele ya madirisha utaona mbavu za zege zilizosimamishwa wima. Juu ya kila dirisha kuna kipaa chembamba kilichochomoza. Kwenye ngazi, badala ya ukuta mzima, kuna matofali ya matundu yanayopitisha upepo na kuuzuia mwale wa jua. Wasanifu waliochora vitu hivyo walilifikiria jua la utosini, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likimtesa mtu wa ndani kabla viyoyozi havijaenea. Saa sita, kila kipaa hutupa kivuli chake pale pale alipokusudia msanifu, na jengo zima huonekana likifanya kazi liliyoajiriwa. Lipige picha jengo hilo hilo jua likizama, utapata ukuta bapa uliopakwa rangi ya chungwa. Ni picha nzuri ya machweo, lakini haikwambii lolote kuhusu jengo.

Ndiyo maana naupenda ufundi huu wa kupiga picha majengo kuliko aina nyingine zote za picha. Unakulazimisha ujue jengo lilijengwaje, kwa nini, na kwa hali ya hewa gani, kabla hujainua kamera. Mpiga picha wa harusi huweza kumwomba bibi harusi asogee dirishani. Mpiga picha za majengo hana wa kumwomba. Nyumba imekwisha kuchagua inatazama wapi, na jua lina ratiba yake. Kazi ya mpiga picha ni kujua lini viwili hivyo vitakutana.

Ratiba yenyewe ni rahisi kuijifunza. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena mapema Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, jua la mchana huegemea kaskazini, na kuta zinazotazama kaskazini ndizo zinazopata mwanga. Oktoba hadi Machi mambo hugeuka. Mvuvi yeyote anajua kwamba hiyo ndiyo misimu miwili ya upepo, takribani: kusi inapovuma, jua liko kaskazini, na kaskazi inapovuma, jua liko kusini. Jengo lenye uso wa kusini ukilikosa Februari, subiri hadi Oktoba. Wapo wanaoona kusubiri huko ni adhabu. Mimi naona ndiyo raha yenyewe, maana miezi hiyo yote unapita mbele ya jengo ukiwa na miadi nalo.

Kusimama nako kuna elimu yake. Mtu akielekeza kamera juu ili mnara uingie wote, mistari ya wima huanza kuegemeana, na jengo huonekana linaanguka chali. Lenzi za kusahihisha hilo zipo na bei yake ni kubwa, lakini dawa ya kwanza haina gharama: iweke kamera sawa, isiinue uso, kisha rudi nyuma mpaka paa lionekane. Pasipo na nafasi ya kurudi nyuma, tafuta ngazi ya jengo la ng'ambo, uombe ruhusa, upande hadi usawa wa katikati ya jengo unalolipiga. Kutoka hapo nguzo husimama wima kama zilivyosimamishwa na fundi aliyepima kwa timazi. Naliona jambo hilo kuwa ni heshima. Mwashi alihangaika siku nzima ukuta wake usipinde, halafu mimi niupinde kwa uvivu wa miguu?

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kanuni hizo zote hubadilika, na hapo ndipo ufundi unapokuwa mtamu zaidi. Vichochoro ni vyembamba mno. Hakuna pa kurudi nyuma, na jua huingia kwa muda mfupi tu. Lakini kuta za pande mbili hufanya kazi kwa zamu. Mwanga hupiga ukuta mmoja uliopakwa chokaa, ukaruka na kuangukia ule wa pili kwa upole usioupata kwa kifaa chochote. Basi geuza mgongo kwenye ukuta unaong'aa, piga ule ulio kivulini. Milango ya nakshi hujifungua kwa mwanga huo: kila jani, kila mnyororo uliochongwa kwenye fremu, kila msumari wa shaba, vyote vina kivuli chembamba cha kuvitenga.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake wa kawaida, na urefu huo ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, ni vyembamba na virefu, na ndiyo maana madirisha yaliyo usoni yana mpangilio ule unaojirudia. Mtu asiyejua habari ya boriti atapiga picha ya dirisha. Anayeijua ataona vyumba nyuma ya madirisha, na ataisogeza kamera hatua mbili kushoto ili mpangilio huo uonekane.

Wapiga picha waliotutangulia Unguja waliiacha akiba ambayo thamani yake imeonekana baadaye. Karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikielekea kwisha, mji ulikuwa na studio za watu waliotoka Goa, A. C. Gomes akiwa miongoni mwao, na waliipiga picha ile pwani ya majumba ya kifalme tena na tena. Mojawapo ya majumba hayo, Beit al-Ajaib, lilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Barghash, likiwa na nguzo za chuma cha kusubu na varanda pana zinazouzunguka mwili wake wote. Mbele yake palikuwa na mnara uliosimama peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Mnara ukaangamia, na mwaka uliofuata mnara mwingine ukajengwa ukiwa umeunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib. Sisi wa vizazi vya baadaye tulikua tukidhani jengo lilizaliwa na mnara huo. Picha za kabla ya 1896 ndizo zinazotuonyesha sura ya kwanza.

Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jengo ikaporomoka wakati wa ukarabati, pamoja na mnara wa pili, na watu wawili wakapoteza maisha. Niliumia, na bado naumia. Siku ile wengi tulirudi kwenye picha zetu, tukagundua kwamba tulichokuwa tukikipiga kama kumbukumbu ya matembezi sasa kimekuwa ushahidi: ufa huu ulikuwapo mwaka gani, nguzo ile ilikuwa na kutu kiasi gani, kizuizi cha varanda kilikuwa na maua mangapi. Mafundi wa kurejesha jengo la kale huhitaji picha iliyopigwa kwa kulitazama uso kwa uso, yenye mwanga sawa na mistari iliyonyooka. Picha ya mtindo, iliyoinamishwa ili ipendeze, haiwasaidii kitu.

Paris walilijua hilo mapema kwa sababu ya mtu mmoja. Eugène Atget alitembea na kamera kubwa ya mbao na vioo vyake tangu miaka ya mwisho ya 1890 hadi alipofariki mwaka 1927, akipiga milango, ngazi, vibaraza vya maduka na nyua za nyumba za kawaida. Alijinadi kama muuzaji wa picha za kuwasaidia wachoraji, basi. Berenice Abbott, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, aliiokoa sehemu kubwa ya kazi hiyo, kisha akarudi New York na kufanya jambo lile lile kwa mji wake katika miaka ya 1930, maghorofa yalipokuwa yakiumeza mji wa zamani. Ninapowaza juu ya wawili hao, siwazi juu ya Paris wala New York. Nawaza juu ya Kisutu na Mtaa wa Jamhuri.

Maana Uhindini, mitaa hiyo ya katikati ya Dar es Salaam, inakwenda. Nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini na familia juu, roshani za zege zilizopinda kwenye kona, na karibu na ukingo wa paa mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa lipu, mara nyingine na jina la mwenye nyumba. Moja baada ya nyingine zimezungushiwa mabati, na mabati yakiondolewa panakuwa na jengo la vioo. Sina ugomvi na maghorofa marefu. Mji wa mamilioni ya watu lazima upande juu, na yapo yanayopendeza, hasa anga la mvua za masika linapoakisiwa kwenye vioo vyake. Ninacholilia ni kwamba nyumba nyingi zilizoondoka hazikupigwa picha hata moja ya maana.

Jengo ninalolirudia kuliko yote ni soko la Kariakoo. Lilisanifiwa na Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea usanifu wa majengo, na lilijengwa katika miaka ya 1970, nchi ikiwa bado changa. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea angani, ambayo huyapokea maji ya mvua na kuyateremsha chini. Lipige wakati wowote, jua kali au mawingu, litakupa picha. Ukisimama chini ya mwavuli mmoja na kutazama juu, utaona zege zito likiwa limetandazwa kwa wepesi. Mwezi Julai 2021 soko liliungua moto. Picha za miaka iliyotangulia, zenye vizimba vya nyanya, makuli, mwanga ukidondoka kati ya mwavuli na mwavuli, ndizo zinazomweleza kijana wa leo jinsi Amuli alivyotaka mahali pale patumike.

Nimetaja makuli kwa makusudi. Picha maarufu ya barabara ya Paris iliyopigwa na Louis Daguerre mwaka 1838 inaonyesha barabara tupu. Magari ya farasi na wapita njia hawakunaswa, kwa sababu kamera ilihitaji dakika kadhaa, na aliyeonekana wazi ni mtu aliyesimama akipigwa viatu rangi. Kamera za leo hushika kila kitu kwa kufumba na kufumbua, lakini wapiga picha wengi wa majengo bado husubiri watu waondoke. Sioni faida yake. Nyumba ya Kiswahili ina baraza kwa ajili ya watu wakae. Ondoa mzee mwenye bao na mama mwenye kikaango cha vitumbua, umeondoa sababu ya baraza kuwapo.

Watu hao ndio pia mlango wa kuingilia. Usianze na kamera, anza na salamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnapima? Mnataka kuvunja?"

"Hapana mzee wangu, nimeipenda tu nyumba. Naomba nipige picha."

Hofu iliyo katika swali hilo nimeisikia mara nyingi, Kariakoo na Ilala na Gerezani. Ikishatulia, mara nyingi mwenyeji huanza kusimulia: nani alijenga, mawe yaliletwa kutoka wapi, chumba kipi kilikuwa duka. Andika hayo. Picha na maneno yake vikitengana, nusu ya kazi imepotea. Na palipokatazwa, bandarini, kwenye kambi, kwenye majengo ya ulinzi, acha. Mji una kuta za kutosha.

Huhitaji kamera ya gharama. Simu yenye mistari ya kukusaidia kunyoosha inatosha kabisa kwa kuanzia. Piga uso wote kwa kuutazama moja kwa moja, kisha kona, kisha mlango, kisha kitu kimoja kidogo ambacho fundi alikihangaikia. Andika mtaa, namba ya nyumba kama ipo, tarehe, na jina la aliyekusimulia akiridhia. Weka nakala mahali pawili. Beit al-Ajaib ilipigwa picha na maelfu ya watu kabla haijaanguka. Nyumba ya kona mtaani kwenu huenda haijapigwa na yeyote. Anza na hiyo, wiki hii.