Kiswahili cha Jini la Chumvi

Usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, runinga ya NBC ya Marekani ilionyesha sehemu ya kwanza ya Star Trek, na katika sehemu hiyo hiyo Kiswahili kilisikika angani. Aliyekianza hakuwa binadamu. Alikuwa jini. Yaani kiumbe cha sayari iliyokufa, kinachoishi kwa kufyonza chumvi iliyo mwilini mwa watu, chenye uwezo wa kuingia mawazoni mwa mtu, kuchagua sura anayoitamani na kumjia nayo. Kwa daktari wa chombo kinakuja kama mwanamke aliyempenda zamani. Kwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, kinakuja kama kijana mweusi mtanashati aliyesimama kwenye korido, na kinamwongelesha Kiswahili. Uhura anamjibu. Hakuna tafsiri chini ya skrini. Hakuna anayetokea kuuliza wamesema nini. Ni maneno machache tu, yeye ameduwaa, jini linamkaribia, halafu anaitwa kazini na hivyo ndivyo anavyopona.

Sehemu hiyo inaitwa "The Man Trap". Wakati huo Kenya haikuwa imetimiza hata miaka mitatu ya uhuru. Matamshi ya wale waigizaji ni ya Hollywood, na mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari angeyapiga kalamu nyekundu pande zote. Sijali. Hebu angalia kinachosemwa pale. Karne kadhaa mbele, mwanamke yuko mbali na dunia kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, na jini linapopekua moyo wake litafute anachokikosa zaidi, linapata mtu wa kuongea naye Kiswahili. Upweke wake una lugha, na lugha yenyewe ni hii unayosoma.

Nasema kwamba zile sekunde chache zina uzito kuliko karibu yote aliyopewa Uhura mpya katika Strange New Worlds, tamthilia iliyoanza Mei 2022. Najua hilo ni dai kubwa.

Jibu la haraka la kwa nini tamthilia za zamani za kisayansi zinagusa kuliko zinapofufuliwa ni lile la wazee: ya kale ni dhahabu. Mimi silikubali. Star Trek ya kwanza ilikwisha mwaka 1969, kabla mama yangu hajazaliwa. Niliitazama nikiwa na miaka 23, nimeacha chuo mwaka wa tatu, naandikia watu makala kwenye intaneti ili nipate kodi ya nyumba. Kijana wa duka la filamu hapa Sultan Hamud aliniwekea zote mbili kwenye flashi moja, ya kitambo na ya juzi, katikati ya foleni ya watu waliotaka DJ Afro. "Bosi," akaniambia, "hii ya kitambo utaimaliza kweli? Kuta zake ni za kadibodi." Nilizitazama wiki moja, zikipokezana. Sikuwa na utoto wowote wa kuukumbuka hapo.

Jibu la pili ni kwamba wale wa zamani hawakuwa na pesa, kwa hivyo walilazimika kuwa na mawazo. Kuna ukweli kidogo. Lakini mtu aliyekulia Ukambani anajua kwamba ukosefu mara nyingi huzaa ukosefu mwingine, basi. Na pesa haiui hadithi: Battlestar Galactica ilipofufuliwa 2004 ilimwacha mbali mama yake wa 1978. Knight Rider ilifufuliwa 2008 na haikufika msimu wa pili, ingawa babangu bado anaongea na Probox yake kama ambayo itamjibu. Kwa hivyo tuache umri, tuache mfuko. Mimi nauliza swali lingine: wakati watu wa kwenye skrini wanaongea, ni nani anayedhaniwa anasikiliza?

Tuanze na jina. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura wa kwanza, alisimulia kwamba siku ya majaribio alikwenda na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya 1962, inayohusu Kenya ikikaribia kujitawala. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda uwindaji, na Kenya yake imetazamwa kutoka barazani kwa mlowezi. Gene Roddenberry, aliyebuni Star Trek, alilipenda neno, wakalilainisha kidogo ili lifae mwanamke, likawa Uhura. Sasa, kwamba a ya mwisho inamfanya mtu kuwa mwanamke ni mambo ya lugha za wenyewe. Kiswahili hakina habari hiyo.

Ila sisi wa Sultan Hamud hatuwezi kucheka sana majina ya kuokotwa. Inasimuliwa kwamba mji wetu ulipewa jina la Sultan Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar kwa sababu alikuja kutazama reli ikijengwa. Akatazama, akarudi zake baharini. (Reli mpya, iliyoanza kazi 2017, haina hata stesheni kwetu; treni inasimama Emali.) Jina likabaki, watu wakaliingia, wakalikalia hadi likawa lao. Nichols alifanya vivyo hivyo na lake. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, na alisimulia maisha yake yote kwamba ni Martin Luther King aliyemsihi abaki.

Sehemu iliyonikaa zaidi ni "The Changeling", ya Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, inashindwa kuelewa kuimba ni kitu gani, inampekua akili, na katika kumpekua inafuta kila alichojua. Inabidi arudishwe shule. Nesi Chapel anaketi naye na kitabu cha darasa la kwanza, mambo ya mbwa na mpira, akimfundisha Kiingereza upya. Uhura anafika kwenye neno blue. Analisoma vile lilivyoandikwa. Anarekebishwa. Na anapochoka na mchezo huo, Kiswahili kinamtoka, na nesi anamrudisha kwenye Kiingereza.

Mashabiki wamelalamika: kama kumbukumbu ilifutwa yote, Kiswahili kimetoka wapi? Sawa, ni kosa la hati. Lakini mimi nilipoitazama nilishika kichwa. Katika shule yangu ya msingi kulikuwa na disk, kipande cha mbao chenye kamba, anachovishwa shingoni mtoto anayepatikana akiongea Kikamba, naye anatega sikio siku nzima amshike mwenzake amwachie. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari za namna hiyo za utotoni mwake katika Decolonising the Mind, mwaka 1986. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye na nikaikuta disk bado inazunguka. Na neno blue lilitushinda darasa zima kwa njia ile ile ya Uhura, kwa sababu Kikamba na Kiswahili husomwa vilivyoandikwa, na hakuna aliyetuonya kwamba kuna lugha zisizofanya hivyo. Tulisoma "blu-e". Tukachekwa. Sasa huyu hapa ofisa wa anga, amekaa kwenye dawati letu, na lugha iliyobaki baada ya mashine kufuta kila kitu ndiyo anayoambiwa aiweke kando.

Sidhani walioandika sehemu hiyo walikuwa wanawaza shule za Makueni. Hilo ndilo linalonishangaza: hawakutujua, na bado walituachia nafasi ya kukaa.

Tuje kwa mpya, na nitajaribu kuwa mwadilifu. Celia Rose Gooding ni mwigizaji mzuri, na Uhura wake amepewa mengi ambayo Nichols hakupewa kamwe. Uhura wa zamani angeweza kumaliza sehemu nzima akiwa kitini, kifaa sikioni, akitangaza tu kwamba laini ziko wazi. Huyu wa sasa ana shaka zake, ana msiba, ana sehemu zinazomhusu yeye. Anayetaka kusema kwamba huo ni maendeleo, sitambishia.

Katika "Children of the Comet", sehemu ya pili ya msimu wa kwanza, Uhura akiwa bado mwanafunzi anakaribishwa mezani kwa kapteni. Anaulizwa habari zake, naye anaeleza. Alikulia Kenya. Lugha za huko ni nyingi, akaona ni bora kuongea na watu kwa lugha zao. Sasa anajua lugha zaidi ya 30. Wazazi na kakake walikufa ajalini. Baadaye, ndani ya nyotamkia inayotisha kuangamiza sayari, anaimba wimbo tunaoambiwa ni wa kienyeji wa Kenya, na ile nyota inamjibu.

Mara ya kwanza nilirudisha nyuma nisikie tena. Kenya! Imetajwa waziwazi, kitu ambacho tamthilia ya 1966 haikufanya. Kesho yake furaha ilikuwa imepungua na sikujua kwa nini, hadi nilipotazama mara ya tatu. Yote aliyosema kuhusu kwao aliyasema kwa Kiingereza, kwa watu wasiotoka huko, mmoja baada ya mwingine kama anayejaza fomu ya kazi: jina, alikotoka, lugha, wazazi. Na wimbo wa Kenya ni wimbo wa nani? Hakuna mtu wa kwetu anayesema anaimba wimbo wa Kenya, labda awe anapokea wageni kwenye uwanja wa ndege. Anasema ni kilumi alichokuwa akiimba susu. Anasema ni wa harusi, ni wa kuvuna mbaazi, ni benga ya yule jamaa wa Machakos.

Kuna kipimo rahisi. Chukua ile meza ya kapteni, ondoa Kenya, weka Ghana au Jamaika. Badilisha wimbo. Hadithi inaendelea bila kujikwaa, nyota inajibu vilevile. Halafu chukua korido ya 1966 na uondoe Kiswahili. Jini halina tena cha kumnasia Uhura; anaona mwanamume asiyemjua na anapita zake. Kule lugha inafanya kazi. Huku imepakwa juu.

Rafiki yangu wa Wote aliposoma rasimu ya makala hii alinikata: "Wewe, kwa Wamarekani wa wakati ule hicho Kiswahili kilikuwa shanga tu, sauti ya Kiafrika ya kupamba." Huenda. Kwa mtazamaji wa Ohio ilikuwa sauti. Lakini anayeelewa akitokea, hata baada ya miaka 56, hata akiwa na flashi ya kukopa, anakuta kuna maana ndani inamsubiri. Katika ile mpya hakuna kilichobaki cha mimi kuelewa kuliko jirani yangu wa skrini. Nimeshaelezwa mimi, kwa adabu na kwa picha safi, nikiwa nimekaa pale pale.

Nadhani ubaya umetokana na nia njema. Wa sasa wanaogopa kukosea, kwa hivyo wanataja badala ya kutumia. Ukitaja Kenya huwezi kukosea ngeli.

Na si kwamba neno lenyewe halijawahi kutumika huko juu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya NASA ya kupima miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Bila kulainishwa herufi yoyote. Ndiyo iliyotusaidia kuijua Cygnus X-1, mojawapo ya vitu vya kwanza kuaminika kuwa shimo jeusi. Nilikaa shule na chuo jumla ya miaka kumi na tano na hakuna aliyenitajia. Niliikuta nikitafuta tahajia ya jina la Uhura.

Halafu tarehe 30 Desemba 2024 anga ikaja kwetu yenyewe. Pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, hapa hapa kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, cha aina ambayo kwa kawaida huungua kikirudi au huangukia baharini. Taarifa ilitoka kwa Kiingereza. Steji ya Sultan Hamud wiki ile ilikuwa inaongea Kikamba tupu, na ningetoa pesa yangu niione tamthilia ya anga iliyoandikwa kutoka kwenye kiti nilichokalia kwenye matatu ya Emali, nyuma ya mzee aliyeuliza swali lake mara mbili kwa Kikamba, kisha akamgeukia dereva kwa Kiswahili.

"Na mwenyewe akija kuchukua hiyo chuma yake, ataongea na sisi na lugha gani?"

"Mzee," dereva akasema, "yeye alipe shamba la watu kwanza. Lugha tutamfundisha."