Kuotesha Juu ya Shaba

Kati ya Kolwezi na Fungurume, huko Katanga, kuna vilima visivyo na mti, vimezungukwa na msitu wa miombo pande zote. Havikufyekwa na mtu. Udongo wake umejaa shaba na kobalti, na miti mingi haiuwezi. Hata hivyo vina mimea yake, na kote Katanga zaidi ya aina 30 za namna hiyo hazioti popote duniani ila kwenye udongo wa shaba. Mvua zikikaribia kwisha, Haumaniastrum katangense huchanua. Watafuta madini waliifuata ili kujua shaba ilipo, na wanaakiolojia wakaitumia kutambua mahali wahenga walipoyeyushia madini.

Kuotesha mimea ya namna hii kunataka mkono wenye kiasi. Mkulima wa mahindi hulisha udongo kadiri awezavyo. Hapa ukizidisha rutuba, magugu ya kawaida huja na kuifunika mimea ya asili.

Nawastaajabia zaidi wanaoirudisha nyasi Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi ulioangukiwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichowashwa mwaka 1911. Udongo ulikufa, upepo ukawa unapeleka vumbi lake majumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu nyasi za kwao Katanga, mojawapo Microchloa altera, nyasi ya kudumu ya vilima vya shaba. Katika majaribio waliyochapisha mwaka 2010, mita moja ya mraba ilipewa kilo 4.5 za mboji, au gramu 200 tu za chokaa. Chokaa hupunguza ukali wa udongo, mboji huishika shaba, na mizizi michanga hupata nafasi ya kupumua.

Mazao yenyewe hayapimwi kwa gunia. Nyasi hii haing'oi shaba ardhini. Kazi yake ni kuifunika, kuishikilia kwa mizizi isipeperuke wala kusombwa na mvua, na kuyaacha majani yake bila sumu nyingi. Anayeipanda anajua kwamba shaba itabaki palepale baada yake na baada ya watoto wake, na bado anachagua mche, anapima chokaa, anasubiri mvua. Kukubali kazi isiyo na siku ya kukamilika, na kuifanya kwa vipimo sahihi vilevile, ndio ufundi wenyewe.