Kiunganishi na Kitenzi: Uhakiki wa Uainishaji wa Sentensi za Kiswahili

1. Suala

Vitabu vya sarufi vinavyotumiwa katika shule za Kenya huigawa sentensi ya Kiswahili, kwa kuzingatia muundo, katika mafungu matatu: sahili, ambatano na changamano. Mgawanyo huu ni ule ule ambao mwanafunzi hukutana nao katika somo la Kiingereza. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, masomo haya mawili yamekaa bega kwa bega. Makala haya hayakusudii kuukataa mgawanyo huo. Yanakusudia kuhoji dalili zinazotumiwa kuutambua, kwani dalili zikikosea, anayeadhibiwa ni mwanafunzi aliyetunga sentensi sanifu.

Kanyangi, katika Kaunti ya Kitui, ni mahali panapofaa kulipimia suala hili. Mtoto wa huko huanza na Kikamba, kisha shule humwongezea Kiswahili na Kiingereza. Lugha mbili kati ya hizo tatu ni za Kibantu, ilhali dhana ya kishazi anayofundishwa imetokana na ile ya tatu.

2. Mifano

Katika Kiingereza, vishazi hushikamanishwa zaidi na maneno yanayojitegemea, kama vile "and", "if" na "who". Kiswahili nacho kina "na", "kama" na "amba-", na ufundishaji huelekea kuanzia hapo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa ndani ya kitenzi. Tazama:

(a) Mkulima aliyepanda mapema alivuna ndengu.
(b) Alikwenda sokoni, akauza ndengu, akarudi Kanyangi.
(c) Mvua ikinyesha, watapanda.
(d) Mvua ingenyesha, wangepanda.

Mfano (a) hauna utata mkubwa, kwa kuwa vitabu hukitaja kirejeshi. Lakini hata hapa Kiingereza si kiongozi mwema. Neno "who" halibadiliki kwa umoja na wingi, ambapo kirejeshi cha Kiswahili hufuata ngeli: aliyepanda, waliopanda, uliopandwa. Mtoto wa Kanyangi analijua jambo hili kabla hajaingia darasani. Katika Kikamba husema "mũndũ ũla" na "andũ ala", na kwa kionyeshi hicho kinachopatana na nomino hufungua kishazi rejeshi. Mwalimu anayeanzia "who" humpitisha mwanafunzi njia ya mbali ili kumfikisha mahali alipokwisha kufika.

Mfano (b) ndio unaotikisa mgawanyo. Vitendo ni vitatu na kiunganishi hakipo. Ikiwa sentensi ambatano ni ile iliyounganishwa kwa kiunganishi, hii si ambatano. Wala si changamano kwa maana ya kawaida, kwa sababu "akauza ndengu" hakielezei nomino wala kitenzi kingine. Lakini pia si huru kabisa, kwani wakati wake hutegemea "alikwenda" kilichotangulia. Kiambishi -ka- huunganisha na kupanga matukio kwa pamoja. Ndicho uti wa masimulizi ya Kiswahili, nacho hakina fungu lake katika mgawanyo huo.

Mfano (c) unafanana na sentensi ya "if". Lakini -ki- hiyo hiyo, katika "Walimwona akipanda", haina sharti lolote. Mfano (d) ni mgumu zaidi. Vitenzi vyote viwili vimebeba -nge-, na umbo pekee halituonyeshi kipi ni kishazi kikuu na kipi ni tegemezi. Yamkini ndiyo sababu vitabu vya Tanzania huongeza fungu la nne, sentensi shurutia. Hivyo sentensi moja huwa changamano Kitui na shurutia Moshi. Tofauti hii yatosha kuonyesha kwamba mipaka hiyo imechorwa na wanasarufi na haikutoka katika lugha yenyewe.

3. Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba istilahi za pamoja humsaidia mwanafunzi katika karatasi mbili za mtihani. Hoja hii ina uzito. Aidha, kuhesabu vitenzi peke yake hakutoshi: "Alikuwa akilima" ina vitenzi viwili na kishazi kimoja. Ikumbukwe pia kwamba sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, ingawa iliandikwa kwa Kiingereza, ilivieleza viambishi vya kitenzi kwa kina. Basi kasoro haikuletwa na ukosefu wa maarifa. Imeletwa na kuyaacha maarifa hayo nje ya mlango wakati wa kuainisha sentensi.

4. Hitimisho

Majina matatu yaweza kubaki. Kinachohitaji kubadilishwa ni swali la kwanza. Badala ya mwanafunzi kuulizwa "Kiunganishi kiko wapi?", aulizwe "Kitenzi hiki kimefungwa na kipi, na kwa kiambishi gani?" Kiunganishi kije baadaye, kama njia mojawapo. Kwa utaratibu huo mtoto wa Kanyangi ataiona jamaa ya Kikamba chake katika Kiswahili, na atakielewa Kiingereza vyema zaidi, kama lugha iliyochagua njia nyingine. Sarufi inayomfanya adhani kwamba lugha zake mbili zina upungufu wa vishazi, kwa sababu tu zimevihifadhi ndani ya vitenzi, haijamfundisha lugha hata moja kati ya zote tatu.