Kiswahili Kilichoachwa Mlangoni mwa Mchezo

Lugha nyingi hutenga baina ya kucheza ngoma na kucheza mchezo; Kiswahili hakitengi. Huchezwa msewe, huchezwa bao, huchezwa mpira, na katika vibanda vya Mwanga na Ujiji, mkoani Kigoma, huchezwa gemu. Anayerukaruka mbele ya ngoma na anayebonyeza vitufe mbele ya televisheni wote wawili ni wachezaji. Atakaye kuuhakiki muziki wa michezo ya kompyuta kwa Kiswahili, basi, hana haja ya kwenda mbali kutafuta pa kuanzia. Kitenzi chenyewe kimekwisha kumwambia kwamba mwili huitikia sauti, na pasipo sauti hapana mchezo.

Mwaka 1978 Wajapani walitoa mchezo uitwao Space Invaders. Muziki wake ni sauti nne tu, nzito, zinazoshuka na kurudi, zikashuka tena. Na kadiri maadui wanavyopungua na kukaribia ndivyo zinavyokwenda mbio. Hamna lahani ya kusifiwa wala neno la kukumbukwa. Lakini ukiiondoa sauti hiyo, kinachosalia ni madoa yanayotambaa kiooni, wala hapana mtu atakayetokwa na jasho kwa ajili ya madoa. Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ilikwenda mbele zaidi kwa mtambo wa iMUSE, uliotumika katika Monkey Island 2. Mchezaji alipotoka mahali pamoja kwenda pengine, muziki ulibadilika pamoja naye bila kukatika. Tangu hapo watunzi wa fani hii wamekuwa wakitafuta jambo lilo hilo: muziki usiopigwa tu mbele ya mchezaji, bali unaomsikiliza.

Mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawezi kuliita jambo hilo jipya. Kaskazini mwa ziwa, kwa Warundi, ambao lugha yao ni jirani mno na Kiha cha Kigoma, ziko ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Katikati husimama inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe hushikilia mdundo usiokoma. Ibishikizo hufuata kinachoamriwa na inkiranya. Wachezaji hupokezana mbele ya ngoma ya kati, na mtazamaji hushindwa kusema ni nani amfuataye mwenziwe, mpigaji au mchezaji. Mitambo ya kampuni za Marekani na Japani imetumia fedha nyingi kuufikia uhusiano huo, na bado haijaufikia sawasawa.

Ngoma hizo zilirekodiwa miaka ya 1960. Mwaka 1971 mdundo wake ukabandikwa ala za Kizungu juu yake, ukauzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black. Sauti ilisafiri, wenyewe wakabaki kwao. Kumbukumbu hiyo yafaa kuwekwa karibu tunapoufikia wimbo ambao umekipeleka Kiswahili mbali zaidi katika ulimwengu wa michezo hii.

Wimbo wenyewe ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na katika mchezo uliimbwa na Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 ukatangulia nyimbo nyingine kumi na moja, kila mmoja kwa lugha yake, katika albamu ya Calling All Dawns, safari hii Soweto Gospel Choir wakiwamo miongoni mwa waimbaji. Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy. Haukuwahi kutokea kabla yake muziki wa mchezo wa kompyuta uliotunzwa hivyo.

Ni wimbo mzuri, na heri hilo lisemwe bila kigugumizi. Mwimbishaji hutangulia, kundi likampokea, kama ipasavyo. Mwenye sikio la ushairi atanong'ona kwamba hapa na pale kisilabi "e" kimepachikwa ili kujaza mizani. Malenga mkali angelihesabu hilo kuwa ni udhaifu wa utunzi. Lakini huo ni ukali wa kalamu. Nyimbo za makasia zina "e" na "ee" tele, na hakuna nahodha aliyezilalamikia. La kuvutia zaidi ni "amina". Haikungoja mwisho wa dua, bali imetiwa katika kiitikio, kabla haja zote hazijatajwa. Kwa kawaida amina ni jibu la waliohudhuria. Kwa kuirudisha tena na tena, mtunzi humfanya msikilizaji naye kuwa mmoja wa waliohudhuria.

Walakini umo mahali wimbo ulipowekwa. Huimbwa mchezaji angali mlangoni, dunia ikizunguka kiooni, kabla hajachagua taifa la kuliongoza. Mataifa ya kuchagua yalikuwa 18 mchezo ulipotoka: Wamisri, Wagiriki, Wamali, Wahindi na wengineo. Mswahili hayumo. Nao askari na wajenzi wa kila taifa, wakiguswa, huitika kwa lugha yao. Kwa hiyo mchezo unapoanza hasa, Kiswahili hunyamaza. Kimekaribisha wageni wote ukumbini, nacho kikabaki barazani.

Tin alirudi kutunga kwa ajili ya mfululizo huo. Wimbo wa Civilization VI, mwaka 2016, ulitokana na maandishi ya Leonardo da Vinci kwa Kiitalia. Ule wa Civilization VII, mwaka 2025, umetoka katika Iliadi ya Homa kwa Kigiriki cha kale. Waitalia na Wagiriki wakaletwa na wenye maneno wao. Waswahili waliletwa na tafsiri. Sala si neno la kudharauliwa, na watu wengi wa Afrika Mashariki wameilia kwa Kiswahili. Lakini mchezo ambao kiini chake ni kujengwa na kuanguka kwa miji, ungepata wapi maneno yafaayo kuliko Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi aliyetazama majumba ya Pate yakiwa magofu? Utenzi huo ulikuwapo, umechapishwa, umetafsiriwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyebisha hodi.

Ujiji wafaa kuwa shahidi katika kesi hii, kwa kuwa nao walikipokea Kiswahili kutoka mbali. Kilikuja kwa miguu pamoja na misafara ya Bagamoyo, na wamisionari walipofika, Waingereza mwaka 1878 na Mapadri Weupe mwaka uliofuata, walikikuta kimekwisha kutulia. Mji ukabaki wa Waislamu walio wengi, wasioona tabu kusikia sala ya jirani. Wala mtu wa Ujiji hatamwambia Mmarekani kwamba Kiswahili si chake. Angeanza kujiuliza na yeye alikitoa wapi. Tofauti ni kwamba Ujiji kiliingia ndani. Kikapika, kikagombana, kikalea watoto.

Mchezo ambao ungekiingiza ndani vivyo hivyo si mgumu kuuwaza ukiwa Kibirizi jioni, mitumbwi inapotoka. Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa hufanana zote. Nahodha humjua mwenziwe kwa mlio wa injini na kwa sauti inayovuka maji, Kiha kikichanganyika na Kiswahili cha Kongo. Mchezaji angeongoza chombo kwa masikio. Mdundo ungefuata kasia lake, ukapungua akisita, na adhana ya Ujiji ingemwonyesha bara iko upande gani. Ikifika mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na vyombo hulala pwani. Hapo muziki ungekoma, zikabaki sauti za mawimbi tu mpaka giza lirudi.