Kasia Si la Kukulia

Sare ya shule hununuliwa ya kukulia. Shati huvuka kiganja, kaptula hukunjwa kiunoni ikabanwa kwa mkanda, na mwaka wa pili vyote hukaa sawa. Ni hesabu nzuri ya mzazi asiye na pesa za kuchezea, nami siipingi. Hesabu hiyohiyo ikihamishiwa kwenye kasia, mtoto huumia. Shati pana halimzuii kusoma, lakini kasia refu humfundisha vibaya tangu siku ya kwanza, na mwili uliojifunza vibaya hausahau upesi.

Nazungumzia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Burundi, ambako milima hushuka mpaka majini na kuacha ukanda mwembamba wa kujengea, kuanikia dagaa na kuegeshea mitumbwi. Anayetoka Kigoma mjini hupanda boti Kibirizi, akapita vijiji vya mwambao na misitu ya Gombe, ndipo akafika. Injini zimeingia zamani, na boti za abiria haziendi bila hizo. Hata hivyo kasia halijapoteza kazi. Mtumbwi mdogo wa mshipi bado huendeshwa kwa mkono. Usiku wa giza, taa zikishawashwa na dagaa wakianza kukusanyika chini yake, injini huzimwa, na kukisogeza chombo polepole bila kuwatawanya samaki ni kazi ya kasia. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walipojaa kwenye mchanga huu, meli ya MV Liemba ililazimika kusimama mbali na ufuko, na watu wakapelekwa melini kwa vyombo vidogo. Siku kama hizo ndipo mtu huona kuwa kujua kuendesha chombo kidogo, kukituliza na kukikaribisha ubavuni mwa chombo kikubwa, ni elimu isiyopitwa na wakati.

Elimu hiyo mtoto huipata kwa kasia la kwanza. Nasema mtoto, sisemi mvulana, kwa sababu maji hayaulizi, na binti aliyezaliwa ufukoni anastahili kasia lake sawa na kaka yake.

Fundi mzuri hutambulika kwa swali lake la kwanza. Asiyejua huuliza mtoto ana miaka mingapi. Anayejua huuliza anakaa mbele au nyuma. Wa mbele kazi yake ni kuvuta maji. Kasia lake liwe fupi, jepesi, la kuingia na kutoka haraka. Wa nyuma huvuta na kuongoza. Kila baada ya mvuto hulilaza kasia ubavuni ili mtumbwi usikengeuke, na kwa hiyo huhitaji urefu zaidi. Mtoto anayeanza huwekwa mbele, mtu mzima akiwa nyuma, karibu na ufuko, ziwa likiwa limelala. Anayejua akishapata jibu humgeukia mtoto mwenyewe: "Haya mjukuu wangu, kaa hapa tukuone."

Hapo wazazi wengi hushangaa, maana wamezoea kumpima mtoto akiwa wima, mti ukifika kidevuni. Kipimo cha kidevu si cha ovyo, na watu wa mitumbwi katika nchi nyingi hukitumia wakiwa na haraka. Ila miguu hudanganya. Watoto wawili wanaweza kulingana kimo, mmoja akawa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwenzake kinyume. Wakikaa mtumbwini mmoja anamzidi mwingine mabega. Kwa hiyo mtoto akae juu ya kigoda kilicho sawa na kibao cha mtumbwi wake, mgongo umenyooka, apimwe kutoka alipokalia hadi puani. Huo ndio urefu wa mpini, kutoka kichwa chake hadi shingoni, pale ubapa unapoanzia. Kama kingo za mtumbwi ziko juu, aongezewe kidogo. Majini kipimo hujithibitisha chenyewe: ubapa ukizama wote, mkono wa juu uwe mbele ya uso, usipande juu ya kichwa.

Ukipanda juu ya kichwa, tazama kinachotokea. Bega huinuka na kuchoka kabla ya misuli ya mgongo haijaanza kazi. Ubapa hausimami tena wima majini; hulala upande, ukapiga duara pana, na kila mvuto ukausukuma mtumbwi kwenda kushoto au kulia badala ya mbele. Mtoto si mjinga, hutafuta njia: huteremsha mkono, akashika mpini katikati, na kipande cha juu kikabaki kikiyumba karibu na uso wake. Baba anaona mtoto mvivu au mzito wa kujifunza. Mimi naona mti wa mtu mwingine mikononi mwa mtoto.

Unene wa mpini nao husahaulika. Vidole vya mtoto vikiuzunguka, ncha zake zikaribie kugusa kidole gumba. Vikibaki mbali, atakuwa akibana kwa nguvu muda wote, na mkono unaobana hauhisi kitu. Kuhisi ndiko tunakomtafutia. Maji yanapoushika ubapa kuna mtetemo mdogo unaopanda kwenye mti, na aliyeuzoea hujua bila kutazama kama amezamisha vya kutosha, kama ubapa umepinda pembeni, kama mkondo umebadilika. Rangi ya mafuta nzito na ya kung'aa mimi siitaki kwenye mpini. Huziba mti, huteleza ikilowa, na humpa mtoto malengelenge. Apendaye rangi aipake kwenye ubapa, ambako itaonekana vizuri tu.

Na ubapa? Hapo ndipo uchoyo wa watu wazima unapojitokeza. Tunadhani ubapa mpana huvuta maji mengi, na maji mengi ni mwendo. Ni kweli kwa mwenye mabega. Mtoto akipewa ubapa mpana hukamata maji asiyoweza kuyavuta. Mvuto wa kwanza humshtua, wa kumi humchosha, na baada ya hapo hupapasa juu juu. Ubapa mwembamba humwezesha kuvuta mara nyingi kwa mapigo sawasawa, na mapigo sawasawa ndiyo yatakayomfikisha. Nikiambiwa nichague kati ya mpana na mwembamba kwa mtoto, nachagua mwembamba kila mara, na kama nimekosea kidogo basi mtoto amekosa mwendo tu, hakupoteza bega.

Haya yote ni vipimo, na vipimo mtu hufundishika. Mti wenyewe ndio unaohitaji jicho. Kigoma ni nchi ya miombo, na mninga wake unajulikana mbali: hauchezi sana ukishakauka, huchongeka vizuri, hustahimili maji. Lakini jina la mti halitoshi. Fundi anayeheshimu kazi hatazami tu ni mti gani. Hutazama nyuzi zimekimbiliaje. Nyuzi zikienda moja kwa moja kutoka kichwani hadi ncha ya ubapa, kasia litapinda kidogo likibebeshwa nguvu, kisha lirudi. Zikikatiza mpini kwa mshazari, litavunjika hapohapo zinapotokea nje, na halitachagua siku ya maji matulivu. Ndiyo maana gogo lililopasuliwa kwa shoka na kabari huzidi ubao wa msumeno. Kabari hufuata njia ya mti, msumeno hufuata mstari wa mtu. Siku hizi mninga mzuri umekuwa adimu na ghali, na makasia mengi huchongwa kutoka mabaki ya mbao. Silaumu, bali namwomba mnunuzi aulete mpini machoni, auzungushe polepole kwenye mwanga, afuate uzi mmoja aone unaishia wapi. Fundo dogo katikati ya ubapa linavumilika. Fundo shingoni ni kosa lisilosameheka, kwa kuwa shingo ndiyo inayobeba nguvu zote, na tezo inapaswa kupita hapo kwa upole kuliko mahali pengine popote.

Mwishoni lilaze kasia juu ya kidole kimoja, karibu na shingo. Likielemea sana ubapani, mtoto atakuwa akinyanyua uzito huo kila anapolitoa majini, mamia ya mara kati ya nyumbani na nyavu.

Mzazi atasema: basi nitakata langu la zamani. Ni wazo la kwanza la kila baba, na ndilo ninalotaka kulipinga kwa nguvu zaidi. Walioielewa vizuri hoja hii ni watu wa mchezo ulio mbali na ziwa letu: mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Jirani zetu Wakenya wanao. Nairobi, katika hoteli ya Panari iliyoko Barabara ya Mombasa, kulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na humo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, na nyota wawili wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya na kucheza pamoja nao. Watoto pia hufundishwa kwenye barafu ile, na kila mtoto anayeingia lazima apatiwe gongo.

Gongo hilo nalo hupimwa kwa uso: likisimamishwa chini, lifike puani kwa mtoto asiyevaa viatu vya kuteleza, na kidevuni akishavivaa. Ila wenye mchezo wao wamekwenda mbali zaidi. Juu ya mpini huchapwa namba inayoonyesha ni nguvu ya ratili ngapi itaupinda kwa inchi moja. Gongo la mtu mzima laweza kuandikwa 85 au 100; la mtoto mdogo huwa 20 au 30. Kanuni yao ya kuanzia ni nusu ya uzito wa mchezaji kwa ratili. Nao wanaonya jambo ambalo kila seremala atalikubali: ukilikata gongo la mkubwa ili limfae mdogo, unalifanya kuwa gumu zaidi, kwa kuwa mti mfupi wenye unene uleule haupindi. Mtoto hubaki na kitu cha kimo chake kisicho na ulaini wa mwili wake. Hawezi kukipinda, kwa hiyo hawezi kukipata kikirudi, na kisahani anachokipiga hakiendi popote.

Ndivyo lilivyo kasia la baba lililokatwa. Mpini umefupishwa, unene haukupungua. Ubapa umebaki wa mwanamume aliyevuta nyavu miaka mingi. Uzito wote umehamia chini. Kwa kipimo cha macho ni kasia la mtoto. Majini ni la baba yake.

Hoja ya pesa naiheshimu, na ziwa hili limewahi kuijibu. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, na miezi miwili baadaye wakapanda kwa mitumbwi kwenda kaskazini hadi Uvira, wakipita mwambao huuhuu. Burton aliandika juu ya makasia aliyoyaona Tanganyika: mti mnene wa futi kama 6, na mwishoni kipande cha peke yake chenye umbo la jani la sehemu tatu, ukubwa wa kiganja cha mtu, kikiwa kimetiwa mabaka meusi pembeni na kufungwa kwenye mti kwa kamba. Msafiri yule hakukisifu chombo hicho. Mimi nakiona kwa jicho jingine. Ubapa unaofungwa ni ubapa unaofunguliwa. Mpini ukivunjika, au mikono ya mwenyewe ikirefuka, hakuna haja ya kutupa kilichochukua siku nyingi kuchongwa. Magongo ya barafuni nayo yalipita njia hiyo: kulikuwa na miaka ambayo wachezaji walinunua mpini wa alumini na kuchomeka ndani yake ubapa wa mbao, wakabadilisha kimoja bila kugusa kingine.

Sioni sababu ya fundi wa leo kutoirudia akili hiyo kwa watoto. Ubapa mmoja mwembamba wa mninga, uliochongwa kwa uangalifu, waweza kumhudumia mtoto kwenye mipini miwili au mitatu, kila mmoja wa mti wa kawaida ulionyooka. Mzazi analipia kazi ngumu mara moja. Mipini ya zamani haipotei, kwa sababu nyumba za Kagunga hazikosi mdogo wake mtu anayesubiri zamu.

Kilichobaki ni kujua wakati. Kalenda haisaidii, kwani watoto hukua kwa vishindo, wakatulia, wakakua tena. Mtazame akiwa majini, asubuhi kabla upepo wa kusini haujaamka. Kama ameanza kuinama ili ubapa uzame, kama mgongo unapinda pale ulipokuwa umenyooka, na mkono wa juu unashuka hadi kifuani kila anapovuta, mpini umekuwa mfupi. Msimamishe wiki hiyohiyo, kabla ya msimu mzito wa kuanzia Mei hadi Septemba ambapo ziwa halimpi mtu nafasi ya kujirekebisha. Mrudishe kwa fundi, na umwambie akalie kigoda.