Mashindano ya Matope

Kwa miaka mingi nilifundisha uhakiki wa fasihi. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba kazi ya sanaa hupimwa kwa mambo mawili: fani, yaani jinsi ilivyotengenezwa, na maudhui, yaani yale inayoyasema. Sikutegemea kwamba baada ya kustaafu ningetumia mizani hiyo hiyo kupima mbio za matope, tena nikiwa nimekwisha kuyameza matope yenyewe.

Mbio hizo zilifanyika mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Mwalimu wa michezo, kijana mwenye bidii, alikuwa ameona katika televisheni jinsi watu wa Ulaya na Marekani wanavyolipa fedha ili watambae kwenye tope. Naye akaona awaandalie wanafunzi wake, pamoja na mwanakijiji yeyote atakayependa. Mimi nilitoka Bukoba kama mgeni wa kutoa zawadi. Wazee wenzangu waliokaa chini ya mwembe wakaanza kunitania kwamba mgeni rasmi anaogopa kuchafuka. Nikavua viatu, nikakunja suruali. Katika umri wangu wote sijawahi kushindana katika jambo la namna hiyo.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba hukumu yangu ilikuwa tayari kabla ya kipenga. Niliona kuwa jambo lile ni dhihaka. Kwetu mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Vijiji vingi viko juu kwenye miinuko, na chemchemi ziko bondeni. Mtoto anayepanda na ndoo kichwani mwezi wa nne, vidole vya miguu vikiuma udongo mwekundu, hashindani na mtu. Mgonjwa anayebebwa kwa machela hadi barabara kuu hapigiwi makofi njiani. Iweje basi taabu ya jirani igeuzwe mchezo? Nilisema moyoni kwamba anayenunua tope ni yule asiyekuwa nalo mlangoni.

Nianze na fani, kwa sababu hapo sina ila sifa. Njia ilianzia uwanjani, ikashuka katikati ya migomba na mibuni. Kwanza kulikuwa na wavu wa zamani wa dagaa, uliofungwa chini kiasi kwamba mtu alilazimika kulala kifudifudi. Baada ya hapo gogo la mkaratusi, lililolowa mvua na kuteleza kama kambare. Kisha matairi ya trekta. Kisha handaki lililochimbwa kwenye kinamasi, penye mafunjo. Na mwisho kamba ya kukwea mteremko kurudi shuleni. Kila kikwazo kilidai kiungo kingine cha mwili, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa dukani. Mwandishi wa tamthilia angejivunia mpangilio kama ule.

Naam, mbio za vikwazo si ngeni kwetu. Filbert Bayi alituletea nishani ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980 katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Viunzi vile havianguki ukivigonga, na kila mkimbiaji huvivuka peke yake. Ni haki kabisa mbio hizo zipimwe kwa saa, kwa kuwa hakuna anayetegemea mkono wa mwenzake. Lakini tope lina tabia nyingine, nami nililijua hilo nilipofika handakini.

Nilikwama hadi mapajani. Kadiri nilivyovuta mguu mmoja, ndivyo wa pili ulivyozidi kuzama. Vijana walinipita huku na huku, wengine wakisema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa adabu kamili, wakaenda zao. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa amekwisha kuvuka na kuishika kamba. Miongoni mwa wasichana yeye alikuwa wa kwanza. Akageuka, akaniona, akaiachia kamba.

"Mwalimu, usivute mguu kwa nguvu. Lala mbele kidogo, halafu lete mkono."

Nililala mbele, mwalimu mzima, kifua juu ya tope. Akakunja mafunjo, akayatandika chini ya mikono yangu, akavuta. Nilitoka taratibu. Wakati huo wasichana wanne walikuwa wamempita. Alimaliza wa tano.

Zawadi zilikuwa za watatu wa mwanzo. Mwamuzi alisoma majina kutoka katika karatasi yake, saa ikining'inia shingoni, nami nikamkabidhi mshindi jozi ya viatu. Alistahili kwa mujibu wa sheria. Nilimtafuta yule mwingine kwa macho, nikamwona nyuma akiwapigia wenzake makofi. Nikaombwa kusema machache. Nikasema juu ya nidhamu, bidii na kutokata tamaa. Maneno ambayo ningeweza kuyasema hata kama nisingeshuka bondeni. Juu ya mkono ule sikusema neno. Niliona aibu kukiri mbele ya wazee kwamba mgeni rasmi alivutwa kama ng'ombe aliyezama.

Hapa ndipo ninapoikosoa kazi ile upande wa maudhui, na ninajikosoa mwenyewe ndani yake. Kosa halikuwa tope. Kosa lilikuwa saa. Mwalimu alijenga mchezo ambao hauvukiki bila wenzako, kisha akampa zawadi yule asiyetazama nyuma.

Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, ni mmoja wa watu ambao mafundisho yao yalieneza viwanja vya vikwazo. Mlima Pelée ulipolipuka katika kisiwa cha Martinique mwaka 1902, alishiriki kuokoa watu. Baadaye alifundisha kukimbia, kukwea, kuruka na kubeba, akishikilia kwamba mtu hana budi kuwa na nguvu ili awafae wengine. Hata hao wanunuzi wa tope niliowacheka wanalijua hilo. Tough Mudder, iliyoanza Marekani mwaka 2010, katika mbio zake za kawaida haikuweka mshindi. Watu walitakiwa kuvutana na kusukumana hadi wote wavuke.

Na sisi wa Bukoba hatuhitaji kufundishwa na mgeni. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wetu. Ndani walikuwamo watu 43. Waliofariki walikuwa 19, na 24 wakapona. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Siku ile hakuna aliyeuliza nani amemaliza wa ngapi.

Basi ninapendekeza hivi: mwakani wanafunzi wakimbie kwa makundi, na saa isisimamishwe mpaka mtu wa mwisho wa kundi afike juu. Yule mwenye mbio atajifunza kurudi, na yule mzito atajifunza kunyoosha mkono bila aibu, jambo ambalo, kwa ushuhuda wangu, ni gumu kuliko kutambaa chini ya wavu.

Nimemwandikia mwalimu wa michezo barua yenye pendekezo hilo. Nilifikiri pia kumpelekea yule binti jozi ya viatu, nikaona kwamba ningekuwa ninajinunulia usingizi. Dawa ya deni ni kulipa, na deni langu ni la maneno. Nilinyamaza mbele ya watu. Sina budi kusema mbele ya watu. Nimeomba mwakani nialikwe tena, wazee wale wale wakiwapo chini ya mwembe, niwaeleze ni nani aliyenitoa handakini.